"Kingamwili ya panya": ya panya kwa namna gani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika ripoti ya utafiti wa maabara kuhusu protini za ubongo, na nimeamua kuiandika kwa Kiswahili. Msimamizi wangu amenirudishia sentensi hii ikiwa na mstari mwekundu: "Tulitumia vingamwili vya panya dhidi ya tau, kisha vingamwili vya sekondari vya mbuzi dhidi ya panya." Tau ndiyo protini ninayoichunguza. Anasema haelewi nini kimeshika nini. Wenzangu wanasema kosa ni neno lenyewe. Mmoja anataka niandike fingomwili, mwingine antibodi. Lipi ni sahihi? Na je, "dhidi ya" inafaa hapo?

Jibu: Marahaba. Niko upande wa msimamizi wako, ingawa si kwa sababu wanazokupa wenzako. Neno kingamwili, yaani protini ambayo mwili huitengeneza ili ishike kitu cha kigeni, halina kosa. Kinachoivuruga sentensi yako ni "ya", ni "dhidi", na ni mnyama mmoja ambaye Kiswahili kimempa jina moja badala ya mawili.

Nianze na jepesi. Usiandike "vingamwili". Kingamwili ni neno ambatano, na katika ambatano la namna hii nomino ya kwanza ndiyo inayoamua upatanisho. Kinga imetokana na kitenzi kukinga; ile ki- ni ya mzizi, si kiambishi cha ngeli. Hatusemi "vinga", tunasema kinga hii na kinga hizi. Basi ni kingamwili hii, kingamwili hizi, nalo liandikwe kama neno moja, kwa sababu ukilitenganisha msomaji ataliona kama kinga ya mwili kwa ujumla, yaani uwezo mzima wa mwili kujilinda na maradhi.

Fingomwili si neno baya. Fingo ni kitu kinachofukiwa ardhini ili kulinda nyumba au shamba na mabaya, na aliyeliazima kwa ajili ya protini hizi aliona mbali: kitu kidogo, kimejificha, kinangoja adui. Ila wasomaji wengi wa leo hawajui fingo ni nini, na istilahi inayohitaji kuelezwa kabla ya kueleza jambo lenyewe inachelewesha kazi. Antibodi inaeleweka, lakini sioni haja ya kukopa wakati neno letu limeshazoeleka. Kaa na kingamwili.

Kuna jambo moja kuhusu neno hilo ambalo watu wa maabara wanapaswa kulifahamu. Mwaka 1891 Paul Ehrlich alipotumia neno la Kijerumani Antikörper, "mwili" uliokuwa ndani yake haukuwa mwili wa mgonjwa. Ulikuwa kitu, chembe, dutu inayopingana na dutu nyingine. Waliounda kingamwili hawakutafsiri sehemu kwa sehemu. Walichukua mwili wenyewe, huu wa mtu au wa mnyama, wakasema hii ndiyo kinga yake. Neno likawa zuri kuliko lile lililolitangulia, lakini likabeba ahadi ambayo maabara haiitimizi kila siku. Kingamwili uliyodondosha kwenye kipande cha ubongo kilichokatwa chembamba na kubandikwa kwenye kioo haimkingi yeyote. Inatafuta protini moja na kujishikiza kwayo ili wewe uione ilipo. Jina linabaki kinga, lakini kazi ni ya kuonyesha. Ndiyo maana katika uandishi wa maabara kitenzi unachokichagua baada ya neno kingamwili kina uzito kuliko neno lenyewe.

Sasa tuje kwenye "ya". Kihusishi hiki ndicho mtumishi wetu mkuu, na kwa sababu hiyo tunamtwika mizigo mingi mno. Kiatu cha mtoto: anacho. Kiatu cha ngozi: kimetengenezwa kwayo. Kiatu cha mvua: kinafaa wakati huo. Katika maisha ya kawaida akili ya msikilizaji hupanga mambo yenyewe, maana hakuna anayedhani mvua inavaa viatu. Kwenye maabara akili haina msaada huo, kwa kuwa maana zote zinawezekana kwa wakati mmoja. "Kingamwili ya panya" inaweza kuwa ile iliyotoka kwa panya, yaani panya ndiye aliyedungwa protini na mwili wake ukaitengeneza. Inaweza kuwa ile inayotambua protini za panya, hata kama imetoka kwa sungura. Inaweza pia kuwa ile inayofaa kutumiwa kwenye tishu za panya, hata kama ilitengenezwa kwa kutumia protini ya binadamu. Yote matatu ni mambo ya kawaida, na mtafiti anayetaka kurudia kazi yako anahitaji kuyajua yote.

Na hili si la kuridhisha walimu wa sarufi tu. Tuseme mtu anachunguza ubongo wa panya kwa kutumia kingamwili iliyotoka kwa panya wa jamii hiyohiyo, kisha anaongeza kingamwili ya mbuzi, iliyobeba rangi, inayotambua kingamwili za panya. Hiyo ya mbuzi haiwezi kutofautisha kingamwili iliyowekwa na mtafiti na zile za mnyama mwenyewe zilizobaki kwenye tishu. Itazishika zote, na mng'ao utatokea mahali ambapo tau haipo. Msomaji wa ripoti yako atataka kujua kama ulijikinga na hatari hiyo, lakini "ya panya" haitamwambia.

Kwa hiyo igawe kazi ya "ya". Iachie asili peke yake, yaani mnyama aliyeitengeneza: kingamwili ya sungura, kingamwili ya mbuzi. Kile inachokishika kipe kitenzi: inayotambua tau. Tishu uliyoichunguza iwekee maneno yake mwenyewe: kwenye vipande vya ubongo wa binadamu. Sentensi itarefuka kidogo, na mimi siuonei aibu urefu huo.

Kisha kuna panya mwenyewe. Nyumbani neno moja linatosha, kwa sababu anayeguguna gunia hafukuzwi kwa jina la kisayansi. Katika maabara kuna panya wawili: Mus, ambaye akikomaa huwa na gramu 20 hadi 40 hivi, na Rattus, ambaye anaweza kufika mara kumi ya uzito huo. Kingamwili za Mus na za Rattus zote hutumika sana katika utafiti wa ubongo, tena wakati mwingine juu ya kipande kimoja cha tishu, moja ionekane kijani na nyingine nyekundu. Kwa kuwa wanyama hawa ni ndugu wa karibu, kingamwili ya mbuzi iliyokusudiwa kwa Mus inaweza kushika hata ya Rattus isipochujwa vizuri kwanza. Ripoti inayosema "panya" mara mbili imezichanganya rangi hizo kabla hazijachanganyika kwenye kioo.

Wengine hujaribu "panya mdogo" na "panya mkubwa". Siwashauri, maana mtoto wa panya mkubwa naye ni panya mdogo. Wengine hukimbilia buku, lakini panya buku ni jenasi nyingine kabisa, Cricetomys, na ukimtaja utakuwa umeleta mnyama wa tatu asiyehusika. Mpaka hapo lugha itakapokubaliana juu ya jina, andika mara ya kwanza "panya wa jenasi Mus", na baada ya hapo "panya Mus" au "panya Rattus". Majina hayo ya Kilatini ni ya kila lugha, nasi tuna haki nayo kama wengine.

Umeniuliza kuhusu "dhidi ya", na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Dhidi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na limebeba ugomvi popote liendapo: mapambano dhidi ya malaria, ushahidi dhidi ya mshtakiwa, timu hii dhidi ya ile. Lina upande huu na upande ule. Katika mwaka wa 1890, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburō walipoonyesha kwamba damu ya mnyama aliyepewa kinga inaweza kuivunja nguvu sumu ya pepopunda, "dhidi" ingekuwa neno lenyewe hasa. Sumu ilikuwepo na kitu cha kuizima kilikuwepo.

Utafiti wa neva nao unayo mifano ya namna hiyo. Mwaka 1960 Rita Levi-Montalcini na wenzake waliwapa panya Mus waliozaliwa karibuni seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, yenye kingamwili zinazoshika protini inayokuza neva, ile inayojulikana kwa kifupi NGF. Protini ilipozuiwa, karibu seli zote za mfumo wa neva wa simpathetiki (ule unaoutayarisha mwili kukabili hatari) wa wanyama hao zilikufa. Hapo andika "kingamwili dhidi ya NGF" bila kusita, kwa sababu iliipinga, na madhara ya kuipinga ndiyo yaliyothibitisha kazi ya protini hiyo. Vivyo hivyo kwa lekanemabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wagonjwa walio katika hatua za mwanzo za ugonjwa wa Alzheimer: hiyo ni kingamwili iliyokusudiwa kuiondoa amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa wagonjwa hao, basi ni dhidi yake kwelikweli.

Wewe je, umeipinga tau? Hukuipinga. Ubongo ulioukata hauna uhai tena, na tau iliyomo haina cha kuzuiwa. Umeitafuta. "Inayotambua" ndilo neno la kazi hiyo, na pale unapoeleza kitendo chenyewe cha protini kushikana na protini, sema "inajishikiza". Tofauti hii inamsaidia msomaji ajue, bila kuulizwa, kama jaribio lilikuwa la kuona au la kuzuia. Kiswahili kinatupa uwezo wa kulisema hilo kwa neno moja. Kwa nini tuutupe?

Kuna kisa kimoja ninachokipenda kinachoonyesha uaminifu wa kitenzi hiki. Mwaka 1992 ilitangazwa kingamwili ya panya Mus iliyoitwa A60. Ilipowekwa kwenye tishu za ubongo, viini vya seli za neva viling'aa, na seli za glia, yaani seli saidizi zilizo kando yake, zikabaki giza. Kitu ilichokishika kilipewa jina NeuN, lakini hakuna aliyejua ni protini gani hasa. Kingamwili ilitumika hivyo kwa miaka 17, mpaka mwaka 2009 ilipobainika kwamba NeuN ni protini iliyokwisha kujulikana kwa jina Fox-3. Mtu wa mwaka 1992 asingeweza kuandika kwa ukweli "kingamwili dhidi ya protini fulani". Angeweza kuandika "kingamwili inayotambua viini vya seli za neva", na sentensi yake ingesimama mpaka leo.

Yaliyobaki nayapitia haraka. "Sekondari" iache, inampeleka msomaji shuleni. Kingamwili hizi zimepewa majina kwa mpangilio wa kuwekwa, basi sema ya kwanza na ya pili, na mara ya kwanza ueleze kwamba ya pili ndiyo iliyobeba rangi. "Protini za ubongo" nayo uipunguze: protini mama ya amiloidi hutengenezwa katika tishu nyingi za mwili, kwa hiyo "protini zinazohusiana na ubongo" ni salama zaidi. Na kama ripoti yako ina ile njia ya kutenganisha protini kwenye jeli na kuzihamishia kwenye utando, tafadhali usiite "bloti ya magharibi", jina nililowahi kuliona. Njia ya kwanza ya namna hiyo, ya DNA, iliitwa Southern kwa sababu Edwin Southern ndiye aliyeibuni. Ni jina la ukoo. Waliofuata walichezea jina hilo wakapata Northern na Western. Andika bloti ya Western, na W iwe kubwa.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Tulitumia kingamwili ya kwanza ya panya wa jenasi Mus, inayotambua tau, kwenye vipande vya ubongo wa binadamu, kisha kingamwili ya pili ya mbuzi, yenye rangi, inayotambua kingamwili za panya Mus." Kama ubongo haukuwa wa binadamu, badilisha hapo.

Nina swali moja la kukurudishia: tau ipi? Kingamwili iitwayo AT8, kwa mfano, haishiki kila tau. Inashika ile iliyoungana na fosfeti kwenye asidi amino mbili za protini hiyo, serini ya 202 na threonini ya 205, na watafiti wa Alzheimer huitumia kwa sababu hiyo hasa. Ikiwa yako ni hiyo, "inayotambua tau" inasema mengi kuliko ulichokiona. Andika "inayotambua tau yenye fosfeti", uitaje kwa jina lake, na uweke namba hizo mbili.