Somo wako ni Yakobo yupi?

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisherehekea somo wangu, yaani mtakatifu ninayeitwa kwa jina lake, tarehe 25 Julai: Yakobo Mkubwa, mwana wa Zebedayo, yule mvuvi aliyeuawa kwa upanga wa Herode. Cheti changu cha ubatizo kimeandikwa "Yakobo" tu, nami sikumuuliza mtu.

Jioni moja bibi alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Akaniuliza mbona kila tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, nakwenda Namugongo walikochomwa moto wengi wao, kama mgeni, simtaji somo wangu. Nikamwambia somo wangu ni wa Julai. Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Wewe ni wa Buzabalyawo," akasema. Mama alikuwa na mimba yangu walipokwenda kuhiji kwa miguu, na bibi alichagua jina kulekule.

Iliniuma. Somo wangu, shahidi Yakobo Buzabalyawo, alichomwa moto mwaka 1886, si mbali na nyumbani kwetu, na mimi nilikuwa sijamwomba hata siku moja.

Ndiyo maana watoto wa kipaimara ninaowafundisha kwa Kiswahili hapa Kampala nawapa kazi hii kwanza: kamuulizeni aliyewapa jina, alimkusudia nani? Waulizeni wangali hai.

Teresa, kwa mfano. Wa Lisieux ni tarehe 1 Oktoba, wa Avila 15 Oktoba, wa Kalkuta 5 Septemba. Wa Lisieux alifariki akiwa na miaka 24 tu, hajulikani nje ya monasteri. Wa Avila alizunguka Hispania akianzisha monasteri mpya. Binti anayetafuta mfano wa kuishi anahitaji kujua ni yupi.

Wanaochanganywa zaidi kwetu ni akina Mukasa. Jina ni la Kiganda, la zamani kuliko ubatizo, na kati ya mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, wako watatu. Yosefu Mukasa Balikuddembe ndiye aliyemkemea Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kwa kumuua Askofu Hannington, ambaye hata hakuwa Mkatoliki. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya hao 22. Kila siku watu wananunua nguo katika soko lenye jina lake, lile tunaloliita Owino, bila kumkumbuka. Adolfu Mukasa Ludigo alichomwa Namugongo. Mukasa Kiriwawanvu naye alifia hukohuko kabla ya kubatizwa kwa maji; Kanisa linasema damu yake ndiyo iliyombatiza. Huyo nampenda mno, na mwanafunzi anayechelewa kubatizwa mimi humwambia habari zake kwanza.

Kama aliyekupa jina ameshafariki, tazama tarehe ya kuzaliwa na ya ubatizo kwenye cheti, kisha ulinganishe na kalenda ya Kanisa. Mara nyingi jina lilitoka kwa mtakatifu wa siku hiyo au ya jirani. Usipopata kitu, mwombe paroko ushauri, uchague mwenyewe kwa sala.

Tarehe 25 Julai bado nawasha mshumaa, maana yule mtume amenivumilia miaka mingi. Lakini 3 Juni natoka nyumbani kabla ya mapambazuko, na rozari ya bibi mfukoni.