Binti yangu, fizikia na wizara ya nishati

SWALI: Binti yangu amepata nafasi ya kusoma fizikia chuo kikuu. Mjomba wake ashikilia kwamba mtu wa fizikia huishia darasani na chaki mkononi, ilhali binti asema wako wanafizikia wanaoshauri serikali kuhusu nishati. Je, ni kweli? – Mama, Kisauni, Mombasa

JIBU: Mama, binti yako amesema kweli, ingawa sikubali kwamba darasani ni mahali pa kuishia, kwani mtu nitakayemtaja alitokea huko huko. David MacKay alifundisha fizikia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na utafiti wake mwingi haukuhusu umeme, bali namna ya kuziwezesha kompyuta kujifunza. Alikerwa na mijadala ya nishati iliyojaa maneno kama "kubwa" na "nyingi" bila hesabu. Mwaka 2008 alitoa kitabu, akakiweka pia kwenye intaneti bila malipo, ambamo gari, ndege na joto la nyumbani vyote vilipimwa kwa kipimo kimoja: kilowati-saa kwa siku kwa kila mtu.

Kipimo hicho unakijua, Mama, maana kilowati-saa ndiyo yuniti unayonunua kwa tokeni. Feni ya wati 50 huimaliza yuniti moja kwa saa 20, na birika ya umeme ya wati 2,000 kwa nusu saa. Lakini chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi bila simu, ikivuta nusu wati, itachukua zaidi ya siku 80. MacKay alikokotoa kwamba kuichomoa chaja ya namna hiyo kutwa kucha huokoa nishati ambayo gari huitumia kwa mwendo wa sekunde moja. Kwake, kumwambia mwananchi kwamba chaja ndiyo itakayoiokoa nchi kulikuwa kumpotosha.

Mwaka 2009 aliteuliwa mshauri mkuu wa kisayansi wa wizara iliyoshughulikia nishati na mabadiliko ya tabianchi, akahudumu hadi 2014. Huko aliongoza utengenezaji wa kikokotoo ambacho waziri na raia wa kawaida walikitumia sawasawa: unachagua idadi ya mitambo ya upepo au ya nyuklia, kisha unaona kama gesi chafu zitapungua kwa asilimia 80 ifikapo 2050. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 48 tu.

Mshauri, hata hivyo, hushauri tu, uamuzi ni wa waziri. Marekani ilimweka mwanafizikia kwenye kiti chenyewe: Steven Chu, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1997, alikuwa Waziri wa Nishati kuanzia 2009 hadi 2013.

Binti yako atahitaji kuongezea uchumi na sheria kidogo. Kwa sasa mpe risiti zenu za tokeni za miezi mitatu, akokotoe kila mtu nyumbani hutumia yuniti ngapi kwa siku, kisha amweleze mjomba wake alivyoipata hesabu hiyo.