Boksi la breka lililo nje ya nyumba: lifunge, ila lisikufungie wewe

Nyumba nyingi zina boksi la breka kwenye ukuta wa nje, karibu na mita, na wenye nyumba hulipita kila siku bila kulitazama. Humo ndani kuna meni swichi. Ukiishusha, nyumba nzima inaingia giza: taa, geti la umeme, king'ora, kamera, hata intaneti inayopeleka picha za kamera kwenye simu yako. Watu wanaweka nondo madirishani na kamera kila pembe, halafu swichi inayovizima vyote wanaiacha mahali ambapo mpita njia yeyote anaifikia kwa mkono.

Nilianza kulitilia maanani jambo hili usiku mmoja umeme ulipokatika kwetu peke yetu. Nilichungulia dirishani, taa za majirani zilikuwa zinawaka. Nawaomba sana mlishike hili: ukiona giza ni la kwako tu, usifungue mlango kwenda kuangalia. Aliyezima anaweza kuwa anakusubiri ufungue. Hakikisha milango imefungwa, mpigie jirani simu amulike upande wa boksi, na ukiwa na wasiwasi ita msaada. Sisi tulikaa ndani mpaka kukapambazuka. Tulikuta kifuniko cha boksi kiko wazi na meni swichi imeshushwa, breka nyingine zote ziko juu. Hakuna kilichoibwa, lakini tangu siku hiyo boksi letu lina kufuli.

Kufuli lenyewe lina adabu zake. Moto ukizuka, au mtu akinaswa na umeme, mnahitaji kuifikia meni swichi kwa sekunde chache. Kwa hiyo ufunguo usiwe kwenye funguo za gari la mtu ambaye hayupo nyumbani. Utundikwe ndani, jirani na mlango, na kila mkubwa wa nyumba aujue, pamoja na msaidizi wa kazi. Kufuli la namba linafaa pia, mradi namba zijulikane na wote. Chagua kufuli la kawaida ambalo watu wa zimamoto watalikata mara moja. Kizimba cha vyuma vilivyochomelewa kuzunguka boksi sikubaliani nacho hata kidogo. Kule Marekani, toleo la 2020 la kanuni za umeme lilianza kutaka nyumba mpya za familia moja au mbili ziwe na swichi ya dharura nje, kusudi zimamoto wakate umeme bila kuingia ndani. Sheria za kufunga boksi hutofautiana, basi muulize fundi mwenye leseni au kampuni ya umeme kabla hujaweka kufuli, na usiguse sili ya mita.

Wapo wanaohofia kwamba mkono wa breka ukifungwa ukiwa juu, breka haitaweza kukata kukitokea shoti. Breka za kisasa zimeundwa zikate ndani kwa ndani hata mkono ukiwa umeshikiliwa. Hata hivyo mimi napendelea kufunga kifuniko cha boksi na kuiacha mikono ya breka huru.

Kama unajenga au unabadilisha nyaya, kuna njia iliyo bora kuliko kufungia breka zote nje: swichi kuu ya kukatia ibaki nje, breka za vyumba ziingie ndani.

Mwizi, hata hivyo, si adui mkubwa wa boksi la nje. Maji ndiyo yanayolimaliza, na hayaingilii mlangoni tu. Mara nyingi yanaingilia juu, pale bomba la nyaya linapotoboa boksi, yanateremka na waya hadi kwenye skrubu. Fundi alipofungua kava la ndani la boksi letu tuliona mstari wa kutu ya kijani kutoka tundu la juu hadi kwenye meni swichi, na plastiki iliyoizunguka skrubu ilikuwa imegeuka kahawia. Hapo moto ulikuwa umeshaanza safari. Kutu hufanya waya usishike vizuri, pasiposhika hupata joto, joto hulegeza skrubu zaidi. Na breka mara nyingi haikati, kwa sababu umeme unaopita ni ule ule wa kawaida. Dalili utakazopata ni harufu ya plastiki inayoungua, taa kupepesa, mlio wa kutatarika, au kifuniko kuwa cha moto. Ukipata mojawapo, ita fundi siku hiyo hiyo.

Boksi la nje lililoandikwa IP65 halipitishi vumbi na linahimili maji ya kurushwa kwa bomba, lakini ukilitoboa juu na kuacha tundu wazi, maandishi hayo hayana maana tena. Nyaya ziingie kwa chini, kila tundu liwe na glandi yake, yaani kizibo kinachoubana waya maji yasipite, na matundu yasiyotumika yazibwe, maana mchwa, nyigu na mijusi hawahitaji nafasi kubwa. Kama boksi lina kitundu cha chini cha kutolea unyevu, usikizibe kwa silikoni. Liwekee kivuli pia: breka hukata kwa joto, na boksi linalopigwa na jua la mchana linaweza kukata kabla ya wakati. Watu wakiona hivyo huweka breka kubwa zaidi. Usikubali, kwa sababu breka ikizidi uwezo wa waya, kitakachoungua kwanza ni waya ukutani.

Mbele ya boksi acha nafasi kama sentimita 90, pasiwe na matofali wala maua yenye miiba. Andika kila breka inahudumia nini, kwa wino usiofutika. Breka ya kuzuia umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, ina kitufe cha majaribio. Kibonyeze mara kwa mara, na isipokata ibadilishwe. King'ora na intaneti vipe betri ya akiba.

Mwisho, usifungue kava la ndani kwa kuwa tu umeshusha meni swichi. Nyaya zinazotoka kwenye mita kuingia swichi hiyo bado zina umeme, na kuzikata ni kazi ya kampuni ya umeme.