Pete za kizamani kwenye fimbo ya mwanzi: jaribu kwanza, funga baadaye

Fimbo yangu ya kwanza ya mwanzi ya kuvulia samaki niliifunga pete za kuning'inia, zile mnamopita mshipi, kwa sababu moja tu: zinapendeza. Kijipete cha waya kinabembea kwenye kijikanda cha shaba kilichofungwa kwa uzi wa hariri. Ukiilaza fimbo mezani zote zinalala kimya, na wageni wanauliza kama ni ya babu. Siyo ya babu. Niliunganisha mwenyewe vile vipande sita vya mwanzi wa Tonkin, ule wa kusini mwa China, na gundi ilinikaa vidoleni wiki nzima.

Nikaenda nayo mto Thego, huku kwetu Kenya, umande haujakauka. Nikirusha mita nne, tano, mambo shwari. Halafu nikamwona samaki aina ya trauti akidonoa wadudu chini ya kichaka cha ng'ambo. Nikavuta mshipi wa ziada, nikarusha, nikauachia uteleze. Haukwenda popote. Pete zilikuwa zimelala bapa na mshipi uliolowa umeganda kwenye vanishi. Nzi wangu wa bandia, yaani chambo, akatua katikati ya mto kwa kishindo, na trauti sikumwona tena.

Kosa halikuwa la pete. Wavuvi wa karne ya 19 kule Uingereza na Marekani waliozitumia walishika fimbo ndefu, nyingi zikizidi futi 10, na mshipi uliokwisha kutoka ndio huohuo waliourusha na kuurudisha. Hakuna aliyetaka uteleze mbele. Walipoanza kutaka hivyo, zikaja pete za nyoka: waya mmoja uliopindwa mara moja, umesimama imara, unauweka mshipi mbali na mwanzi. Trauti wenyewe walipoletwa kwetu, mto Gura, mwaka 1905, pete za kuning'inia zilikuwa zishapitwa na wakati. Kwa hiyo hata kisingizio cha historia sina.

Siku hizi nafanya hivi. Nikikuta fimbo ya kale yenye pete zake za asili, siing'oi hata moja. Naivulia karibu, kwenye vijito vyembamba, kwa mshipi wa hariri uliopakwa mafuta, maana ni mwembamba kuliko wa plastiki wa uzito uleule. Fimbo mpya naifunga pete za nyoka, moja kwa kila futi na moja ya ziada, zikikaribiana kadiri unavyoelekea nchani.

Pete ya kwanza juu ya mpini ndiyo naiachia uzamani: ya jiwe la akiki. Lakini akiki iliyotumika usiinunue kwa macho. Niliwahi kuletewa moja, nzuri, rangi ya asali, na ufa wake mwembamba kama unywele sikuuona. Mwisho wa wiki mbili mshipi ulikuwa umechunika kama ganda la muhogo. Sasa napitisha kipande cha soksi laini ya kike ndani ya tundu, nazungusha pande zote. Kikinasa hata uzi mmoja, pete inarudi kwa mwenyewe. Na usikaze fremu yake kwa koleo. Chuma kikijikunja, jiwe linapasuka.

Miguu ya pete, yaani ncha zake bapa zinazofungwa kwa uzi, ndiyo kazi wanayoiruka wengi, nami niliiruka. Isugue kwa tupa laini mpaka ncha iwe nyembamba kama ukingo wa kucha, uzi upande juu yake bila kuruka, kisha geuza usugue na chini. Nguvu ya mwanzi iko kwenye nyuzi za juujuu, karibu na ganda. Mguu wenye makali unazikata polepole kila fimbo inapopinda, tena chini ya hariri, usikoona.

Kabla ya uzi, bandika pete zote kwa tepu ya karatasi, nenda uwanjani na mshipi utakaovulia, urushe hata nusu saa. Ile yangu ya Thego ningeijaribu hivyo nisingekesha usiku mbili nikikwangua vanishi.