Hesabuni deni kwa madumu ya mawese

Wadogo zangu mnaoanza uchumi mwaka huu, kabla ya kufundisha nilikuwa afisa mikopo wa chama cha akiba hapa Kigoma. Madeni ya nchi za euro niliyaelewa kupitia mawese. Grafu zilifuata baadaye.

Mama mmoja wa Mwanga alikopa shilingi milioni 2 wakati dumu la lita 20 linauzwa 50,000. Hayo ni madumu 40. Msimu ulipochanganya, dumu likashuka hadi 40,000. Kwenye daftari langu deni lilibaki vilevile, kumbe kwake lilikuwa limefika madumu 50. Sikuliona hilo mapema, na mpaka leo linaniuma. Alichomokea kwenye dagaa, ambao bei yao haikushuka.

Mporomoko wa bei ndio hali ambayo hakuna dagaa wa kukimbilia: bidhaa, mishahara, kodi ya serikali, vyote vinashuka, deni limesimama palepale. Msiuchanganye na mfumuko wa bei kupungua. Mfumuko ukitoka 5% hadi 3%, bei bado zinapanda, ila taratibu. Wengi huangukia hapo kwenye mtihani.

Sasa Ugiriki. Iliingia kwenye euro 2001. Mwishoni mwa 2009 ikajulikana kwamba nakisi ya bajeti yake, yaani matumizi yanayozidi mapato, ni kubwa mno kuliko ilivyokuwa imetangazwa, wakopeshaji wakaogopa, riba ikapaa. Mei 2010 ikapewa mkopo wa kuinusuru wa euro bilioni 110, kwa sharti la kubana matumizi. Nendeni Manyovu mpakani mkaone faranga ya Burundi inaposhuka thamani: bidhaa za Burundi zinakuwa rahisi kwetu, wanunuzi wanavuka. Ugiriki haikuwa na faranga yake ya kushusha. Ikabidi ishushe mishahara yenyewe. Kufikia 2013 zaidi ya robo ya nguvu kazi haikuwa na ajira, na bei zikaanza kushuka.

Hapa tulieni. Mwaka 2012 wakopeshaji binafsi walikubali kupoteza zaidi ya nusu ya thamani ya hatifungani zao, yaani hati za mkopo walizonunua kwa serikali. Hata hivyo, mwaka uliofuata deni lilikuwa juu ya 170% ya pato la taifa. Kwa nini? Mlifundishwa sehemu shuleni: kuna kiasi juu na kuna asili chini. Walikata kiasi, yaani deni, huku asili, yaani pato la taifa, ikizidi kusinyaa.

Wala msiseme nchi zote za euro zilizobanwa na madeni ziliponzwa na ubadhirifu wa serikali. Mwaka 2007 deni la serikali ya Hispania lilikuwa chini ya 40% ya pato lake, la Ujerumani zaidi ya 60%. Iliyobanwa ni Hispania. Julai 2012 Mario Draghi wa Benki Kuu ya Ulaya aliahidi kufanya lolote litakalohitajika kuilinda euro, riba zikashuka, ingawa mpango wa kununua hatifungani uliofuata ahadi ile haukutumika hata mara moja.

Nasi tuna mkataba wa kuelekea sarafu moja: Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyosainiwa Kampala Novemba 2013, imeweka ukomo wa nakisi 3% na wa deni 50% ya pato la taifa kwa thamani ya sasa, yaani malipo ya miaka ijayo yakihesabiwa kwa thamani yake ya leo. Mkiisoma, msiishie kwenye ukomo huo. Tafuteni palipoandikwa nani atanunua hatifungani za nchi siku ambayo wengine wote wamezikimbia.