Kafutia pikipiki bendera: msikimbilie fimbo

Pole, mama mwenzangu wa Nkuhungu. Mwanao wa miaka sita kafutia pikipiki kibendera alichopewa sherehe za Muungano, na baba ameshika fimbo. Asimchape. Kwa umri huo kitambaa ni kitambaa tu.

Wangu nilimpeleka karibu na kituo cha polisi, saa kumi na mbili kasoro jioni (simu iache mfukoni, usipige picha). Filimbi ikalia. Bodaboda wakazima injini, muuza karanga akasimama na beseni lake kichwani, kimya, mpaka bendera ikashuka. Mtoto hakuuliza kitu, ila safari iliyofuata alisimama bila kuambiwa.

Nyumbani mfundishe rangi: kijani uoto, njano madini, nyeusi watu, bluu maji. Wangu aligusa nyeusi akasema, "huyu mimi." Bendera yenyewe ni ya 1964, baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Kisha kibendera chake akifue mwenyewe, akikunje.

Ila hiyo bendera kubwa iliyochanika, uliyosema mmeifanya pazia la stoo, itoeni leo. Watu wazima wanabanwa na Sheria ya Nembo za Taifa. Msiitupe jalalani, muulizeni mtendaji wa mtaa.