Marchantia na kindi: andika kizazi kwanza, namba baadaye

Usiliwasilishe jedwali hilo kama lilivyo. Umeomba msaada wa kulinganisha Marchantia polymorpha, mmea mdogo usio na maua, na kindi wa kijivu wa Marekani, Sciurus carolinensis, kwa kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli), uzazi, makazi na chakula, na tayari umeandika katika jedwali lako kwamba mwili wa Marchantia una kromosomu 18 na wa kindi 40. Hiyo 40 ni sahihi. Hiyo 18 ndiyo iliyoninyima alama za swali zima, kwa sababu mwalimu wetu wa tuisheni alitugawia makaratasi yaliyodai kwamba mwili wa kila kiumbe hubeba kromosomu jozi jozi, nasi tukayakariri. Makaratasi hayo yananiuma hadi leo, maana anayelipwa kufundisha baiolojia hapaswi kuifundisha mimea kana kwamba ni wanyama.

Ule utando bapa wa kijani unaotandaa juu ya udongo mbichi, wenye vikombe vidogo ambamo matone ya mvua hurusha nje vichipukizi vya kuanzisha mimea mipya, una seti moja tu ya kromosomu, yaani 9. Hiyo ni gametofiti, yaani kizazi kinachotengeneza mayai na mbegu za kiume. Kwa kindi, seti moja hupatikana katika yai na mbegu ya kiume tu, na huletwa na mayosisi, mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu hadi nusu. Kwa Marchantia, mmea dume tayari una seti moja, hivyo mbegu zake huundwa kwa mitosisi, mgawanyiko usiobadili idadi ya kromosomu, kisha huogelea katika maji kulifuata yai. Hizo 18 huanza yai linaporutubishwa. Hapo hukua sporofiti, yaani kizazi kinachotengeneza spora (chembe zinazoota kuwa gametofiti mpya), kitu kidogo sana kinachoning'inia chini ya kimwavuli cha mmea jike na kulishwa na mmea huo, na ni ndani ya kifuko chake cha spora ndipo mayosisi hufanyika.

Kwa hiyo kinachostahili kulinganishwa na mwili wa kindi ni sporofiti hiyo ndogo, wala si utando unaouona kwa macho. Hata jinsia hufuata mkondo huo: kindi jike ana kromosomu za jinsia XX na dume XY, lakini gametofiti jike hubeba U na dume V, ilhali sporofiti, yenye zote mbili, si jike wala dume.

Igawe safu ya Marchantia iwe safu mbili, uandike gametofiti juu ya 9 na sporofiti juu ya 18, kabla hujagusa mstari mwingine wowote wa jedwali.